Fundi wa Kabla ya Dhoruba

Vimbunga vya baharini havifiki Bunyakiri, wilayani Kalehe, mashariki mwa Kongo. Bulambika, penye soko lake na vituo vya magari ya Bukavu, pako karibu nyuzi mbili tu kusini mwa Ikweta, na Bahari ya Hindi iko zaidi ya kilomita elfu moja upande wa mashariki. Lakini mtu wa Kalehe hahitaji kufundishwa dhoruba ni nini. Mwaka 2016, wanasayansi waliotumia picha za setilaiti waliiweka Kabare, wilaya jirani, katika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa umeme wa radi, nyuma ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Mvua za namna hiyo hutanguliwa na upepo wa dakika chache, na dakika hizo zinatosha kulibeba paa na kulitupa shambani kwa jirani.

Kwa hiyo pande hizi zina mafundi ambao kazi yao nzuri haionekani. Paa likibaki mahali pake, hakuna anayekuja kulitazama.

Hebu mtazame mmoja akiezeka mabati, ambayo watu wa Kivu huyaita manjanja. Kwanza anauliza upepo wa mvua hutoka wapi. Kisha anaanza kupanga upande ule upepo unakoelekea na kurudi nyuma bati kwa bati, ili kila linalofuata lilalie lililotangulia na upepo usipate ukingo wa kuingiza ukucha. Msumari haupigilii bondeni mwa bati, yanakopita maji, bali mgongoni, juu ya kiduara cha mpira kilichokatwa kwenye tyubu kuukuu ya gari. Pembeni anaongeza misumari, maana kung'oka huanzia huko. Akiingia ndani, anafunga miti ya paa kwenye nguzo kwa waya, au kwa kamba za msituni kama waya hakuna.

Mwenye nyumba akitaka paa lirefushwe mbele ili apate baraza pana, fundi anasita. "Mama, upepo utaingia hapa chini na kuinua nyumba nzima." Wanapatana: paa kubwa litokeze kiasi cha kuukinga ukuta wa udongo na mvua, na baraza lipewe kipaa chake. Siku ya dhoruba kipaa hicho kikienda, kiende peke yake.

Mapatano hayo ndiyo kiini cha ufundi huu. Asiyeujua hukaza kila kitu na kuomba Mungu. Anayeujua ameshaamua kipi kikazwe, kipi kilegezwe na kipi kiachwe kiende.

Manahodha wa pwani wanaijua hesabu hiyo. Habari ya hali mbaya ikifika, tanga hushushwa pamoja na foromali, kwa sababu hata mti mtupu ulio juu hushika upepo. Chombo huondolewa bandarini na kuingizwa horini, kwenye mikoko. Amari, yaani kamba ya nanga, huachiwa ndefu. Ikiwa fupi, wimbi huinua chombo, nanga hung'oka au kamba hukatika. Vilivyo vyepesi huburutwa nchi kavu na kufungwa kwenye miti.

Zanzibar iliona gharama ya kukosa nafasi ya kufanya hayo. Aprili 15, 1872, kimbunga kilivunja merikebu za Sultani Barghash zikiwa bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Miaka 80 baadaye, Aprili 15, 1952, kingine kilipiga Lindi. Kimbunga Hidaya kilipoikaribia Mafia Mei 4, 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilikuwa imetoa tahadhari siku kadhaa kabla, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Hidaya kilikuwa kimepungua nguvu kabla ya kutua, lakini hilo halikujulikana wakati watu wakivuta mitumbwi yao juu ya mchanga.

Kwenye Ziwa Kivu hesabu hiyo hufanywa usiku. Wavuvi wa sambaza, samaki mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu, huwasha taa na kushusha wavu kati yake. Wanaojua ziwa hulitazama anga lilivyo juu ya milima kabla ya kusukuma mitumbwi majini, na wimbi likianza kupanda huinua wavu na kurudi, hata kama samaki ndio kwanza wanakusanyika chini ya taa.

Busara hiyo haikupata nafasi Oktoba 3, 2024. Vita vilikuwa vimekata barabara ya kwenda Goma, na watu wa Minova walitegemea ziwa. Boti liitwalo Merdi lilijaa kupita kiasi, likazama karibu na bandari ya Kituku, Goma, huku watu wakilitazama kutoka ufukweni. Taarifa za kwanza zilitaja vifo 78. Nahodha hodari hawezi kusawazisha chombo ambacho mzigo wake haukupunguzwa gatini.

Ipo pia dhoruba inayomshinda fundi wa paa. Mei 4, 2023, mwaka mmoja kamili kabla ya Hidaya, mvua kubwa iliijaza mito ya Kalehe, ikafagia Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Nyumba iliyofungwa kwa waya na nyumba iliyofungwa kwa kamba zilikwenda pamoja, kwani matope na mawe hayachagui. Pale kazi ilipaswa kuanza kwenye kiwanja, na kwenye mlima uliovuliwa miti juu yake.

Kiangazi cha Juni hadi Agosti ndicho msimu wa kazi hii. Mwenye nyumba amwite fundi apande juu akague misumari, na amlipe kwa ukaguzi kama anavyomlipa kwa ujenzi. Mwenye boti aandike ubavuni idadi ya abiria, na bandari iwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema imetosha. Machifu waache kugawa viwanja kando ya mito. Mvua ikirudi Septemba, muda wa kufanya hayo utakuwa umepita.