DS-7002: Fomu Inayomtenga Mwanagenzi na Kibarua

Kampuni ya Marekani ikimtaka kijana Mkenya kwa viza ya kazi ya H-1B, huingia kwanza kwenye bahati nasibu kwa sababu nafasi zina kikomo, ikichaguliwa hupeleka maombi serikalini, kisha husubiri. Ikimtaka kijana huyohuyo kama mwanagenzi kwa viza ya J-1, haina ombi la kupeleka idara ya uhamiaji wala bahati nasibu ya kuingia. Ndiyo maana waajiri wengi wanaipenda njia hii. Lakini mchujo ule ambao serikali ingeufanya haujafutwa, umehamishiwa kwa mtu mwingine, na mtu huyo ni mdhamini.

Mpango wenyewe unasimama juu ya sheria ya mwaka 1961 ya mabadilishano ya elimu na utamaduni. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huziidhinisha taasisi kadhaa kuwa wadhamini. Mdhamini humpima mwombaji, pamoja na Kiingereza chake, huikagua kampuni mwenyeji, halafu hutoa fomu DS-2019, cheti cha kuombea viza ya J-1. Mwombaji hulipa dola 220 za mfumo wa kumbukumbu wa SEVIS na dola 185 za viza, mbali na ada ya mdhamini, ndipo aende kwenye usaili ubalozini. Kwa kanuni zilizoanza 2007, mwanagenzi lazima awe anasoma chuo nje ya Marekani au awe amehitimu miezi isiyozidi 12 kabla ya kuanza. Anakaa mwaka mmoja kwa kikomo, kwa saa zisizopungua 32 kwa wiki.

Hayo yote ni makaratasi ya kawaida. Moyo wa jambo hili uko kwenye fomu nyingine, DS-7002, yaani mpango wa mafunzo. Husainiwa na watu watatu: mwanagenzi, msimamizi wake na mdhamini. Mafunzo hugawanywa kwa awamu, na kila awamu ina maswali yake. Mwanagenzi atakuwa na jukumu gani? Atajifunza ujuzi upi? Nani atamfundisha, na huyo mtu ana sifa gani? Atafundishwaje? Itajulikanaje kwamba amejua? Lipo hata swali la shughuli za utamaduni atakazoshirikishwa.

Tuchukue hoteli inayompokea mwanafunzi wa upishi kwa mwaka mzima. Kanuni inataka mafunzo ya hoteli na utalii yanayofika miezi sita au zaidi yapitie angalau idara tatu. Meneja mvivu ataandika: "Atasaidia jikoni kadiri ya mahitaji." Sentensi hiyo inaruhusu kila kitu, kuanzia kumenya viazi hadi kuosha masufuria, na haimwajibishi yeyote kufundisha. Meneja anayejua kazi yake ataandika kwamba miezi minne ya kwanza ni ya jiko la baridi chini ya mpishi fulani, na mwisho wake mwanagenzi atatayarisha peke yake vyakula vya kuanzia vya karamu. Miezi minne inayofuata ni ya mikate na keki. Minne ya mwisho ni ya stoo: kuagiza bidhaa, kuhesabu zilizobaki, kukokotoa gharama ya kila sahani. Hapo msimamizi ana la kuulizwa, na tathmini ya katikati na ya mwisho, ambazo ni lazima kwa mafunzo yanayozidi miezi sita, zina kitu cha kupima.

Kanuni zinaweka na mipaka. Kazi za karani hazipaswi kuzidi asilimia 20. Kazi zisizohitaji ujuzi haziruhusiwi, na kiambatisho cha kanuni kinazitaja, zikiwamo za usafi wa vyumba vya hoteli na za keshia. Kumpokea mwanagenzi ili kuziba nafasi ya mfanyakazi wa Kimarekani ni marufuku.

Kishawishi kipo, tena cha fedha. Kwa kawaida mgeni wa J-1 hakatwi michango ya hifadhi ya jamii na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, katika miaka yake miwili ya kwanza ya kalenda, na mwajiri naye anaokoa fungu lake la asilimia 7.65 ya mshahara. Mwajiri mwenye tamaa akiangalia hesabu hiyo haoni mwanafunzi, anaona mikono ya bei nafuu.

Tumeshaona matokeo. Agosti 2011, mjini Palmyra, Pennsylvania, mamia ya wanafunzi wa kigeni waligoma katika ghala la kufungasha chokoleti za Hershey's. Walikuja kwa J-1 ya kundi jirani, lile la kazi za likizo ya kiangazi, lisilodai mpango wa mafunzo. Waliahidiwa kuijua Marekani, wakajikuta wakibeba maboksi usiku huku kodi ya nyumba ikikatwa kwenye mshahara. Mwaka uliofuata mdhamini wao alipoteza idhini, na wizara ikapiga marufuku kwa kundi hilo kazi ambazo saa zake nyingi ni kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi.

Kwa wanagenzi, DS-7002 ndiyo kinga dhidi ya hali kama ile, ila ina nguvu pale tu inapokaguliwa. Na hapa naona udhaifu mkubwa. Mdhamini analazimika kwenda kuikagua kampuni mwenyeji kwa macho endapo tu ni ngeni kwake na ina wafanyakazi chini ya 25 au mapato chini ya dola milioni 3 kwa mwaka. Hoteli yenye vyumba mia tano inapita kwa karatasi. Wakati huohuo mdhamini anaishi kwa ada za walewale anaowasimamia. Ningetaka kila mwenyeji mpya atembelewe, awe mkubwa au mdogo, na mwanagenzi ahojiwe faragha.

Hadi hapo, ukaguzi wa kwanza ni wa kijana mwenyewe. Asisaini DS-7002 ambayo hajaisoma awamu kwa awamu, na akiona "kadiri ya mahitaji" aombe iandikwe upya kabla hajalipa senti ya viza. Ubalozini atapewa kijitabu cha haki zake, kinachotolewa kwa mujibu wa sheria ya 2008 dhidi ya biashara haramu ya binadamu, na ofisa anatakiwa kuhakikisha amekielewa. Kina namba ya simu ya bure ya kupiga akiwa Marekani. Aiandike mahali pengine pia, mbali na pasipoti.