Upelelezi wa Mji Mdogo: Duka la Mikate, Mzimu na Mto Tana

Wahakiki wamezoea kuipuuza riwaya ya upelelezi, na tawi lake moja hulipuuza kuliko mengine yote: lile la mauaji yatokeayo katika mji mdogo na kufumbuliwa na mtu wa kawaida, aghalabu mwanamke mwenye duka la mikate. Mfano wake mashuhuri ni Chocolate Chip Cookie Murder (2000) ya Joanne Fluke, Mmarekani. Mwenye duka, Hannah Swensen, amkuta mgawa maziwa ameuawa kwa risasi garini mwake, nyuma ya duka lenyewe. Na humo humo kitabuni msomaji hupewa maelezo ya kupika biskuti. Husemwa kuwa mvuto wa riwaya za namna hii ni huo utamu na utulivu wake. Jawabu hili ni jepesi mno. Biskuti hazitoshi kumkalisha mtu kitabu kizima mbele ya maiti.

Mvuto wenyewe ni kwamba hatia huondolewa mabegani mwa umma ikawekwa juu ya mtu mmoja mwenye jina. Tangu maiti ionekane, kila jirani hushukiwa, na ujirani wenyewe huwa hatarini. Duka la mikate huchaguliwa kwa kuwa ndipo watu wa kila aina wapitapo asubuhi na kuzungumza, kama ilivyo barazani na mkahawani katika miji yetu ya pwani. Mpelelezi hapa hahitaji maabara. Ahitaji kujua nani kamnunia nani.

Kwa hoja hii Muhammed Said Abdulla ni wa ukoo huo huo, ingawa amezoea kufananishwa na Conan Doyle kwa sababu ya kiko cha Bwana Msa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, iliyoshinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau ya 1957-58 na kuchapishwa 1960, Bwana Ali aonekana ameuawa mzimuni. Mahali penyewe pamwalika msomaji kuwashuku wafu, na Bwana Msa, pamoja na sahibu yake Najum, airejesha hatia kwa aliye hai. Hata hivyo Abdulla amzidi Fluke kwa jambo moja: siri zake aghalabu ni za nasaba na urithi, hata muuaji akishajulikana wazee nao hubaki na la kujibu. Kwa Elvis Musiba mambo ni mengine kabisa; adui wa Willy Gamba ana dola nyuma yake, wala mji hauna la kujiuliza.

Je, msomaji wa Chewele, au wa Garsen huko chini ya mto, aifaidi vipi faraja hii? Kando ya Mto Tana wakulima wa Kipokomo na wafugaji wa Kiorma wamejuana kwa vizazi. Wameuziana maziwa na nafaka, wamejua mashamba na njia za kunyweshea mifugo. Kujuana huko hakukuzuia mauaji ya Agosti na Septemba 2012 katika delta, yaliyochukua roho za watu zaidi ya 100, wakiwemo wanawake na watoto. Baada yake swali lililoulizwa halikuwa “nani?” bali “kabila gani?”, na aliyeulizwa hivyo hakuwa na njia ya kujitenga na hatia.

Hapo ndipo udhaifu wa utanzu huu uonekanapo. Ugomvi wa ardhi na maji hauna muuaji mmoja wa kufichuliwa katika sura ya mwisho, na riwaya ya duka la mikate haina pa kuuweka. Lakini hapo hapo huonekana pia kwa nini asomaye karibu na mto huo hastahili kuchekwa kwa kuipenda. Anachokipata kurasani ni mji ambao mgawa maziwa akiuawa, hakuna aendaye kuichoma nyumba ya binamu wa mshukiwa.