Maji Yana Mwenyewe? Kisima cha Liyongo, Kisima cha Butangi na Mto Kiberenge

Kila tunapowatayarisha watahiniwa kwa karatasi ya tatu ya Kiswahili, swali la mandhari hujibiwa kwa njia ile ile. Mtahiniwa akiulizwa umuhimu wa kisima katika tamthilia, huandika kwamba kisimani ndipo watu wanapoteka maji na kukutana, kisha hutia nukta. Akiulizwa kuhusu mto katika riwaya ya Kidagaa Kimemwozea, huandika neno moja, "ushirikina", na kukimbilia swali linalofuata. Miongozo mingi inasema hivyo hivyo, na mimi mwenyewe nimefundisha hivyo kwa muda. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba katika mighani ya Fumo Liyongo, katika tamthilia ya Kifo Kisimani na katika Kidagaa Kimemwozea, maji si pambo la mandhari. Ni mali inayogombaniwa. Tena ugomvi wenyewe hauko ndani ya maji. Uko kwenye njia ya kuyafikia.

Aliyenizindua ni mwanafunzi. Mwaka wa 2016, nilipokuwa mwalimu mgeni hapa Matisi, kando ya mji wa Kitale, msichana mmoja wa kidato cha tatu alizoea kuchelewa vipindi vya asubuhi. Nilipomhoji alieleza kwamba ploti yenye chemchemi waliyoitumia tangu zamani ilikuwa imeuzwa, na mnunuzi akaizungushia seng'enge. Hakuwakataza watu maji kwa maneno. Alilinda tu alichonunua. Basi akina mama na watoto wakawa wanazunguka mbali, mtungi wa lita ishirini kichwani, hadi chemchemi nyingine. Siku hiyo hiyo tulisoma sehemu ya mto Kiberenge. Nikaeleza habari ya ushirikina kama kawaida yangu. Msichana yule akainua mkono: "Mwalimu, na huo mto umepita kwenye shamba la nani?" Sikuwa na jibu, na mwongozo niliokuwa nao haukuwa nalo.

Tuanze na Liyongo, kwa sababu yeye ndiye babu wa visima vyote katika fasihi yetu. Watahiniwa wanamjua kama shujaa wa mighani: mrefu, mwenye nguvu zipitazo za watu, mtunzi wa nyimbo, mtu asiyeuawa kwa silaha ya kawaida ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Muhammad Kijumwa wa Lamu aliusimulia mkasa wake katika utenzi alioutunga mwaka wa 1913, na kabla ya hapo ulikuwa ukisimuliwa pwani kwa vizazi vingi. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo. Anamrubuni mwanawe Liyongo kwa ahadi ya cheo na ya kumwoza binti yake, naye mtoto anamchoma babake usingizini. Hapo ndipo wengi wetu humalizia somo: usaliti, tamaa, mwisho wa shujaa. Tunaandika ubaoni sifa za mighani na kufuta.

Lakini hadithi haimaliziki kitandani. Liyongo aliyejeruhiwa anachukua upinde, anatoka hadi karibu na kisima cha mji, anapiga goti, anapachika mshale na kuuvuta. Anakata roho akiwa vivyo hivyo. Watu wanaokuja kuteka maji wanamwona mbali, wanakimbia. Siku zinapita, kiu inaushika mji, wala hakuna anayethubutu kusogea. Inabidi mamake aombwe aende kumbembeleza, hadi mwili unapoanguka na kila mtu kutambua kwamba walikuwa wakimwogopa maiti.

Hebu mwalimu mwenzangu tulitazame tukio hili kwa makini. Kisima hakikukauka. Hakikutiwa sumu, wala hakuna aliyesema ni chake. Maji yote yalikuwapo, na mji mzima ulikuwa na kiu. Kilichobadilika ni kwamba njia ya kisimani sasa ilikuwa na mtu mwenye mshale. Hii ndiyo maana ya kumiliki maji kama fasihi ya Kiswahili inavyoielewa: mwenye maji ni yule anayeweza kuwafanya wengine wasisogee. Na kinaya chake ni kikali. Mfalme amefaulu kumwua mpinzani wake, lakini mshindwa amekikalia kisima, naye anakikalia kwa nguvu za hofu peke yake. Mtahiniwa anayetaja sindano ya shaba bila kutaja kiu ya mji amesoma nusu ya mighani.

Kithaka wa Mberia alipoandika Kifo Kisimani, tamthilia iliyochapishwa mwaka wa 2001 na ambayo wengi wetu tuliikuta darasani, aliifuata njia hii ya zamani akijua anakokwenda. Bokono anaitawala Butangi kwa mkono wa chuma. Mwelusi anampinga. Gege, ndugu yake Mwelusi, anashawishiwa na upande wa utawala na kumwua ndugu yake kisimani. Sura ya Liyongo iko wazi: jamaa wa damu, ahadi za mtawala, na kisima. Swali zuri kwa darasa ni hili: kwa nini Mwelusi hakuuawa gerezani, ambako alikuwa tayari mikononi mwa Bokono? Gerezani ni mahali pa serikali, na kisimani ni mahali pa watu wote. Damu ikimwagika hapo, hakuna nyumba isiyoipita asubuhi ikienda kuteka maji. Sitakaa hapa zaidi, maana tamthilia hii imechambuliwa sana. Nataka tu jibu la "kisimani ni mahali pa kukutania" liongezwe sentensi moja: ni mahali ambapo hakuna anayetakiwa kubisha hodi, na ndiyo maana anayetaka kutawala watu hana budi kupatia doa.

Sasa tuje nyumbani. Nasema nyumbani kwa sababu marehemu Ken Walibora, aliyetutoka Aprili 2020, alilelewa katika nchi hii ya Kitale na Cherangani, na msimulizi wake katika Siku Njema anafunga safari kutoka Tanga hadi huku kwetu. Katika Kidagaa Kimemwozea, iliyochapishwa mwaka wa 2012 na kutahiniwa hadi 2017, vijana wawili, Amani na Imani, wanayanywa maji ya mto Kiberenge. Wenyeji wa Sokomoko hawayanywi, kwa sababu ya vifo vilivyotokea mtoni humo zamani. Vijana wanakunywa, wala hawadhuriki. Mwongozo unasema: mwandishi anakashifu ushirikina. Ni kweli, na alama ziko hapo. Hata hivyo tuwatazame walio kunywa ni akina nani. Amani anatoka katika ukoo ulionyang'anywa ardhi kwa hila za Mtemi Nasaba Bora. Imani naye familia yake imeteketezwa kwa ajili ya ardhi. Hawa ni watu wawili ambao karatasi za umilikaji zimewaacha bila mahali pa kukanyaga, na ndio wa kwanza kuinama na kunywa maji ambayo kila mwenye boma ameogopa kuyagusa. Asiye na kipande cha ardhi haoni ua mahali ambapo wengine wanauona.

Kwa maana katika Sokomoko kisa cha vifo hivyo kinafanya kazi ya seng'enge. Mto haujazungushiwa kitu, hauna askari wala kufuli, na bado haukaribiwi. Liyongo aliyekufa alikilinda kisima kwa upinde. Kiberenge kinalindwa na simulizi. Hapa nina lawama kidogo kwa mwandishi. Kwa usomaji wangu, mwiko huu unavunjwa kwa urahisi mno. Miko ya maji katika maisha huwa na watu inaowafaa, na mwiko ukivunjwa wapo wanaokasirika. Walibora anatuonyesha kwa undani jinsi hati za ardhi zinavyoghushiwa na nani ananufaika, lakini haelekezi jicho letu kwa nguvu hiyo hiyo mtoni. Ardhi katika riwaya hii ina mwizi mwenye jina. Mto una imani potofu tu. Mwanafunzi wangu aliuona upungufu huo kabla yangu.

Huenda mwenzangu akauliza: hayo ya shamba la nani yanahusiana vipi na fasihi? Yanahusiana kwa sababu msomaji huja na nchi yake kichwani. Mtahiniwa wa Trans Nzoia amezaliwa kwenye ardhi iliyokuwa ya walowezi, ikaja kugawanywa vipande vikubwa, kisha vidogo, kisha ploti. Kila mgao ulikuja na hati, na hati hupimwa kwa vigingi, nayo chemchemi haijui vigingi. Sheria yenyewe ina sura mbili. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu mito na maziwa kuwa ardhi ya umma. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya maji safi ya kutosha. Sheria ya Maji ya 2016 inasema rasilimali zote za maji zimo mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa amana ya wananchi, na anayechota kwa matumizi ya nyumbani bila mitambo hahitaji kibali. Kanuni za mwaka wa 2007 ziliweka ukanda wa kingo kati ya mita 6 na mita 30 kulingana na upana wa mto. Kwa karatasi, basi, maji ni yetu sote. Lakini shamba linaloyazunguka ni la mtu, na anayekwenda kuchota lazima akanyage mahali.

Kule Nairobi mgogoro huu ulisikika kwa kishindo Agosti 2018, jengo la Ukay Centre pale Westlands lilipobomolewa kwa kuwa limejengwa kwenye njia ya maji, na ukarudi mwaka wa 2024 baada ya mafuriko, serikali ilipowaamuru watu waondoke kando ya mito na nyumba za maskini kuvunjwa. Huku magharibi unakwenda kimyakimya. Watafiti wakiongozwa na Michael Kremer, waliochunguza takriban chemchemi 200 katika maeneo ya Busia na Butere-Mumias na kuchapisha matokeo yao mwaka wa 2011, walikuta kwamba chemchemi nyingi zimo katika mashamba ya watu binafsi, na bado desturi inamtaka mwenye shamba awaache majirani wachote bila malipo. Desturi hiyo haijaandikwa popote. Ni simulizi, kama ile ya Kiberenge, ila hii inafungua njia badala ya kuifunga. Nadhani hapa ndipo mwalimu wa fasihi ana la kusema kuliko wakili. Tunawafundisha watoto kwamba simulizi za jamii ni ama burudani ama ushirikina. Hatuwaambii kwamba zipo simulizi ambazo zikisahauliwa, mtu atabaki na kiu mbele ya maji.

Na tusidhani suala hili linaishia kwenye ploti. Maji ya Cherangani huingia Nzoia, Nzoia hupita Webuye hadi Budalang'i na Ziwa Viktoria, na ziwa hutoa Nile. Mwaka wa 1929 Uingereza, kwa niaba ya makoloni yake ya Afrika Mashariki, ilikubaliana na Misri kwamba hakuna kazi kwenye maji ya Nile na maziwa yake itakayopunguza sehemu ya Misri bila idhini ya Misri. Nyerere aliukataa urithi huo Tanganyika ilipopata uhuru. Mkataba mpya wa nchi za bonde la Nile, uliotiwa saini kuanzia mwaka wa 2010, ulianza kutumika Oktoba 2024, na Misri haimo. Yaani kwa miongo mingi kulikuwa na upinde uliovutwa mbali sana na kisima chetu, wala waliouvuta hawakuwepo tena.

Wapo watakaoonya kwamba mtahiniwa akiandika haya mtahini atamkata alama. Hofu hiyo nimeipata na ninaiheshimu; mtoto wa mtu asifeli kwa sababu ya makala yangu. Ushauri wangu ni kwamba aanze na hoja inayotarajiwa, ushirikina au mahali pa kukutania, aitolee mfano kutoka kitabuni, kisha aongeze hoja ya umilikaji ikiwa na ushahidi wake: ni nani anayekaribia maji, ni nani anayezuiwa, na kwa nini. Wanaosoma Nguu za Jadi sasa wanaweza kujizoeza kwa swali hilo hilo kuhusu ardhi. Asiandike habari za Katiba kwenye karatasi ya Fasihi. Hizo ni za mwalimu, za kumsaidia kuuliza vizuri.

Kwa mazoezi ya darasani napendekeza swali hili la alama 20: "Maji hayana mwenyewe ila njia ya kuyaendea." Jadili kauli hii kwa kurejelea mighani ya Liyongo na kazi nyingine moja uliyoisoma. Nililitoa kwa mara ya kwanza muhula uliofuata. Msichana yule aliandika kurasa tatu, akataja upinde mara nne, na mwishoni akaeleza, ingawa sikumwuliza, kwamba wazee wa mtaa walikuwa wamekaa na mwenye ploti, na seng'enge imefunguliwa kijia kimoja upande wa juu. Nilimpa 15. Angepata zaidi, ila Kijumwa alimwandika "Kijumba" kila mahali.