Rangi, kina na mwanga: jinsi furu wa miamba ya Mwanza walivyotambuliwa

Jina furu limebeba mamia ya spishi za samaki wa Ziwa Victoria, na nyingi zinafanana umbo mno. Kwa furu wa miambani katika eneo la Mwanza, kupima mwili pekee hakutoshi. Spishi mbili zilizochunguzwa kwa kina zinaonyesha kazi hiyo ilivyofanyika.

Ushahidi wa kwanza ni rangi ya dume aliyekomaa. Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere na Els Witte-Maas na Frans Witte mwaka 1985, ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano wenye mistari myeusi ya wima. Pundamilia pundamilia ana mistari hiyohiyo, ila mwili wake ni wa kijivu na pezi lake la mgongo ni la buluu. Majike wa pande zote mbili wamefifia rangi, hivyo ni vigumu kuwatenganisha.

Ushahidi wa pili ni kina. Kisiwani Makobe, kwenye maji maangavu, pundamilia wa buluu hukaa juu na nyererei mwekundu hukaa chini zaidi. Maji ya ziwa hunyonya mwanga wa buluu mapema. Unaofika chini huelekea wekundu.

Kisha majike wakajaribiwa. Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen walichapisha matokeo ya maabara: chini ya mwanga mweupe, majike walipendelea madume wa spishi yao, lakini mwanga ulipobadilishwa ili rangi zisitofautiane, upendeleo ukatoweka.

Jeni zikakamilisha hoja. Utafiti wa mwaka 2008, alioshiriki Hillary Mrosso wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), Mwanza, ulionyesha kwamba jeni ya jicho inayohusika na kuona wekundu inatofautiana kati ya spishi hizo.

Lakini kisiwani Luanso, kwenye maji machafu, mpaka kati ya spishi hizo haupo: rangi zimechanganyika, na samaki ni jamii moja. Kwa hiyo sampuli isiyoandikiwa kisiwa, kina na uangavu wa maji haijatambuliwa ipasavyo.

Tumezoea kumlaumu sangara, anayewala furu, kwa kupotea kwao, na lawama hiyo ina msingi. Hata hivyo, udongo, mbolea na majitaka, kwa kupunguza uangavu wa maji, huweza kufuta spishi bila samaki hata mmoja kuliwa wala kuvuliwa. Uangavu hupimwa kwa kisahani kinachoshushwa kwa kamba hadi kisionekane. Vikundi vya wavuvi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) vifundishwe kipimo hicho, na takwimu zake zihifadhiwe sambamba na za samaki wanaovuliwa.