Kupima Mara Kumi Kabla ya Kugusa

Fundi umeme aliyefunzwa vizuri anajulikana hata kabla hajashika waya. Mtazame anavyoichukua glovu ya mpira. Haivai kwanza. Anaivuta huku na huku akitafuta nyufa, kisha anaviringisha pindo lake kuelekea kiganjani mpaka hewa iliyonaswa ndani ivimbishe vidole, na hapo anaisogeza shavuni na kutulia. Tundu lisiloonekana kwa macho litajulikana kwa hewa inayopuliza ngozi. Glovu ikiwa nzima ndipo anaivaa, na juu yake ya ngozi, ili mpira usichanwe na ncha za nyaya.

Utulivu huo nauheshimu sana, maana haupatikani kwa siku moja, na mara nyingi mashine zimesimama na msimamizi anauliza umeme unarudi lini.

Wengi tunachokiogopa ni kupigwa shoti. Mwaka 1982 mhandisi wa Marekani, Ralph Lee, alichapisha andiko lililowaonyesha wenzake hatari ya pili: umeme unaporuka hewani kati ya vyuma viwili huwasha tao la moto ambalo joto lake laweza kufika nyuzi 19,000 za Selsiasi, zaidi ya mara tatu ya joto la uso wa jua. Shaba hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo ukitanuka hupiga kama baruti. Bisibisi iliyoponyoka mkononi yatosha kulianzisha tao hilo. Mtu anaungua bila kugusa chochote, na fulana ya nailoni huyeyuka ikagandamana na ngozi yake.

Ndiyo maana hata kuzima swichi kubwa ni jambo la kufundishwa. Mwanafunzi huelekezwa asisimame mbele ya kabati. Akae pembeni, upande wa mpini, ageuze uso, kisha aushushe mpini kwa mkono ulio karibu na kabati, kwa nguvu na mara moja bila kusitasita. Mlango ukifyatuka, uruke mahali asipokuwapo. Baada ya hapo anafunga kufuli lake mwenyewe, na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watano, makufuli ni matano.

Lakini uhodari wenyewe umo katika kupima. Testa hujaribiwa kwanza penye umeme unaojulikana kuwa upo. Kisha fezi kwa fezi, mara tatu. Kila fezi na nyutro, tatu. Kila fezi na waya wa ardhini, tatu. Mwisho nyutro na waya wa ardhini. Vipimo kumi. Halafu testa inarudishwa kule kule penye umeme, kuhakikisha haikufa katikati ya kazi. Ile bisibisi yenye kitaa, inayojaa mifukoni mwa mafundi wetu, haitoshi kwa kazi hii: kitaa kisipowaka, hujui kama umeme haupo au chenyewe kimeharibika.

Wapo wanaouliza kwa nini kupima kitu kilichokwisha kuzimwa. Huku kwetu jibu liko mtaani. Jenereta ikiunganishwa na nyaya za nyumba bila swichi ya kuitenga na gridi, umeme wake hupanda hadi nguzoni, na transfoma inayoshusha volti 11,000 hadi 400 hufanya kazi hiyo hiyo kinyumenyume. Fundi aliye juu ya nguzo anakutana na volti elfu kadhaa kwenye laini aliyoambiwa imezimwa.

Mwalimu mzuri huutega ubao wa mazoezi kwa sababu hiyo. Breka imezimwa, kufuli limefungwa, ila fezi ya tatu inapokea umeme hafifu usiodhuru kutoka chanzo kingine.

“Umepima?”

“Nimepima, mwalimu.”

“Zote?”

Aliyepima mbili akanyoosha mkono kushika ya tatu hagombezwi. Mwalimu anarudisha umeme na kumwambia aanze tena, tangu kwenye swichi.