Nilisifu mashini ambayo sikuiwasha

Leo niko na deni la kulipa mbele yenu.

Miezi michache iliyopita, kijana mumoja wa mutaa wetu aliniletea mashini ya kuchora tatuaji aliyoitengeneza kwa mikono yake. Aliifunga mu kitambaa safi. Fremu yake ilikuwa ya shaba ya njano, aliikata na musumeno wa chuma, akaisugua mpaka ulikuwa unaona uso wako ndani. Juu ya fremu kulisimama bobini mbili za waya wa shaba nyekundu, waya alioutoa mu mota iliyoungua. Akaniambia: "Kaka injenia, mambo ya umeme wewe njo unayajua. Sema kitu." Nikasema: "Hii ni kazi ya ajabu." Nikaipiga picha, nikaionyesha wenzangu wa promosheni, na wote wakasema vile vile.

Sikuiwasha. Njo deni lenyewe.

Sisi wenye diplome tuko na tabia mbili mbele ya kitu kilichotoka mu ateliye ndogo. Kuko wanaokizarau juu hakikutoka China ao Ulaya. Kuko wanaokisifu juu kimetoka mu mikono ya mutoto wa hapa. Tabia zote mbili zinatusaidia tu kutokukitazama. Leo ninataka kukitazama, na nitasema wazi: mashini ya tatuaji haihukumiwi na macho. Inahukumiwa na sumaku, na sikio, na ngozi ya mutu. Na mu hayo matatu, mukono wa fundi unaishinda fabrike mu moja tu.

Mbele ya yote, tujue ni kitu gani. Mashini ya bobini ni ndugu ya kengele ya umeme ya mulango, ile inayolia "drrrr" ukifinya kibonyezo. Umeme wa volti 6 hadi 9 unapita mu bobini, bobini zinakuwa sumaku, zinavuta kipande cha chuma chini. Kipande kile kikishuka, kinaachana na visi ya juu, na umeme unakatika. Sumaku inakufa, resori inarudisha chuma juu, inagusa visi tena, umeme unarudi. Mambo hayo yote yanafanyika mara 100 hivi kwa sekunde moja. Mbele ya chuma kile kumefungwa sindano, na sindano inaingia mu ngozi milimeta 1 hadi 2. Ni hiyo tu.

Kitu hiki hakikuzaliwa kwa ajili ya ngozi. Mwaka 1876 Thomas Edison alipata hati ya kalamu ya umeme, iliyotoboa karatasi ili kutengeneza kopi za barua. Mwaka 1891, kule New York, Samuel O'Reilly alichukua wazo lile, akapata hati ya mashini ya tatuaji. Ile ilikuwa inazunguka kwa mota. Mwaka 1904 Charles Wagner, wa New York pia, akapata hati ya mashini yenye bobini. Kwa hiyo, tangu mwanzo hii ni kazi ya watu waliochukua kitu cha ofisi na cha mulango, wakakigeuza mu ateliye ndogo. Kijana wetu hakuiba kazi ya wakubwa. Iko mu mustari wao kabisa.

Lakini mustari ule uko na kipimo chake. Kati ya watengenezaji wanaoheshimiwa sana Marekani ni Paul Rogers, aliyekufa mwaka 1990. Alianza kuchora tatuaji mwaka 1928, na alitumika miaka mingi akisoma mashini za wengine kabla ya kusifiwa kwa zake. Ateliye yake ilikuwa kijumba kidogo tu, akakiita Iron Factory, maana yake fabrike ya chuma. Watu hawakumutafuta juu ya mashini zenye kung'aa. Walimutafuta juu mashini ikitoka mu mukono wake ilikuwa inatembea sawasawa, na ikiharibika alijua kuirudisha. Tukimupima kijana wetu, tumupime na kipimo hicho. Kumupima na huruma ni kumutukana.

Sasa, nilirudi kwake, nikamuomba tuiwashe. Ikalia. Kisha dakika chache ikapata moto, sauti ikaanza kuregea, mwisho kile chuma kikashikamana na bobini na hakikurudi tena.

Kosa la kwanza lilikuwa mu ile fremu nzuri yenyewe. Sumaku iko na njia yake kama vile maji. Nguvu inatoka kichwa cha bobini moja, inapita mu chuma cha juu, inaingia bobini ya pili, na inapashwa kurudia chini ya bobini zote mbili ili muzunguko ufunge. Kama chini kuko chuma laini, njia iko wazi. Kama kuko shaba ya njano, njia imekatika, juu shaba haibebi sumaku. Bobini zinakunywa umeme mwingi kwa kazi ndogo, na ule umeme wa bure unageuka joto. Fremu ya shaba haikatazwi. Mafundi wengi wa Marekani na Ulaya wanaitumia. Lakini wanaweka bamba la chuma chini ya bobini. Yeye hakuweka, juu chuma kingeharibu rangi ya shaba. Uzuri wa macho ulimufunga.

Kosa la pili lilifichama ndani. Katikati ya bobini aliweka buloni za gari. Buloni ya gari ni chuma kigumu, na chuma kigumu kinakumbuka: ukikata umeme, bado kinabakia na sumaku kidogo. Njo maana kile chuma cha juu kilikawia kurudi, mwisho kikashikamana. Hapa ilipashwa kuwa chuma laini, kinachosahau haraka. Wahunzi wetu wa zamani wanajua dawa: kichome mpaka kiwe chekundu, kiache kipoe polepole mu majivu. Haikuwa lazima kwenda Ulaya kutafuta jibu hilo. Ilikuwa lazima kuuliza.

Na hapa ninajihukumu mimi mbele yake. Nilisoma njia ya sumaku miaka miwili nzima, niliichora mu mutihani, nikapata pointi. Siku ile iko mbele yangu juu ya meza, mu shaba na mu waya, sikuiona. Niliona picha ya kupiga.

Tupite kwa sikio. Hapa njo ninamusifu kwa kweli. Bobini zake alizifunga waya safu 8, safu kwa safu, bila waya kupanda juu ya mwenzake. Kazi hiyo aliijifunza kwa papa mumoja anayebobina mota za pompe na za ventilateri, kazi mnayoiona mu barabara za miji yetu yote. Waya uliofungwa ovyo unajaza nafasi na hewa, na bobini inakuwa nene bila nguvu. Yake ilikuwa imejaa shaba.

Kisha kuko resori, kibamba cha chuma cha unene wa nusu milimeta hivi. Ukikikunja zaidi kidogo, mashini inakimbia na kupiga kidogo. Ukikilegeza, inakwenda polepole na kupiga kwa nguvu. Ya kuchora mustari na ya kujaza kivuli hazikunjwi sawa. Fabrike inaweza kutoa resori 1,000 zinazofanana, lakini haiwezi kujua mukono wa muchoraji huyu unabonyeza namna gani. Fundi anaweza. Anakunja, anawasha, anasikiliza, anazima, anakunja tena. Kijana wetu alikaa saa nzima mbele yangu akisikiliza hivyo, na nilisikia sauti ikitoka kwenye kelele ya bati mpaka kwenye muvumo mumoja usiokatika. Hii njo ile kazi moja ambayo mukono unaishinda fabrike. Yote mengine, fremu ya kung'aa, jina lililochongwa, kichwa cha simba pembeni, ni mapambo ya mulango wa nyumba isiyo na paa.

Tufike kwa ngozi, maana hapa maneno yangu yanakuwa makali.

Mashini ya tatuaji inafanya kazi yake mu damu. Mwaka 1961 muji wa New York ulikataza tatuaji kabisa kwa sababu ya homa ya ini, na katazo lile lilidumu mpaka mwaka 1997. Watu walisema mengi juu ya sababu za serikali, lakini ugonjwa haukuwa uongo. Homa ya ini ya B na ya C, na virusi vya sida, vinaweza kupita kwa sindano iliyotoka mu mutu na kuingia mu mwingine. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza mbele ya mashini yoyote si "inachora muzuri?" Ni hili: "Kile kinachogusa damu kinatoka? Kinasafishwa na nini?"

Mashini nzuri ya bobini inajibu. Sindano ni ya kutupwa kisha mutu mumoja. Ile bomba inayoishika iko ya chuma kisichopata kutu, inachomolewa na kuingia mu sufuria ya muvuke wenye nguvu, nyuzi 121 kwa dakika 15 ao zaidi. Mashini yenyewe haiwezi kuingia mu muvuke, kwa hiyo inavikwa mufuko wa plastike. Sasa angalieni zile zinazotengenezwa na mota ya kanyaga-kaseti ao ya CD, bomba la biki na uzi wa gitare. Nimeziona, na ninyi mumeziona. Akili iliyoko ndani ni kubwa, sikatai. Lakini bomba la biki haliwezi muvuke, linaregea na kupindika. Kwa hiyo linapanguswa na kitambaa, na mutu wa pili anakaa kwenye kiti. Uzi wa gitare unanolewa tena na kurudi kazini. Hapo sifa zetu za "mutoto wa hapa ameweza" zinakuwa sehemu ya ugonjwa.

Mashini ya kijana wetu ilikuwa katikati. Sindano alikuwa anazinunua, za kutupwa. Lakini bomba alilichomea kwenye fremu, "ili lisitikisike". Halichomoki. Haliwezi kusafishwa bila kuoga mashini nzima.

Kuko atakayesema: basi wanunue tu za fabrike, zile mupya zinazotembea kwa mota, zenye katriji ya sindano iliyofungwa na kautchuki ndani ili damu isirudi nyuma. Mwenye kusema hivyo hako na kosa. Mu jambo la usafi, katriji ile inashinda karibu kila kitu kilichotoka mu ateliye, na mutu asiye na sufuria ya muvuke afazali atumie ile. Lakini mota ndogo ile ikikufa, wengi wanaitupa. Ya bobini unaweza kuifungua na bisibisi: visi imeungua na cheche, unaisugua, kondansateri imekufa, unaweka ingine, resori imevunjika, unakata kibamba kingine. Mu inchi ambamo kipuri kinakawia kuliko mashini yenyewe, hilo si jambo dogo. Mimi ninaona hivi: mukono ukae kwenye bobini na resori, na usiguse mambo ya damu. Sehemu inayoingia ngozi inunuliwe, itupwe.

Nilimuambia hayo yote, bila kulainisha. Alinyamaza, kisha akauliza: "Juu ya nini haukuniambia siku ile ya kwanza?" Sikuwa na jibu zuri. Nilimuambia kweli: kusifu kulikuwa kwepesi kuliko kufikiri.

Akarudi wiki mbili nyuma. Fremu iko sasa na bamba la chuma cheusi chini ya bobini, na unaona alama za nyundo. Zile buloni alizichoma mu majivu kwa muhunzi wa karibu. Bomba linashikwa na visi moja, linatoka. Kwa macho, mashini imekuwa mubaya. Niliishika robo saa ikitembea. Ilikuwa na vuguvugu tu, na sauti haikubadilika. Kwa sasa inachora juu ya maganda ya machungwa na ngozi ya nguruwe. Tulipatana: haigusi mutu mpaka apate pahali pa kuchemshia bomba lile kwa muvuke wa kweli.

Safari hii sikupiga picha. Wandugu, siku mutoto wa mutaa atawaletea kitu na kusema "injenia, sema kitu", mumuombe kwanza akiwashe.