Fundi wa Chemchemi

Nyaramba, katika Kaunti ya Nyamira, Januari na Februari ni miezi ya ukarabati. Mvua, ambayo huku haikatiki kwa muda mrefu, hupungua. Barabara huchongwa, mabati yaliyooza hung'olewa, na kule bondeni, chini ya mashamba ya chai, chemchemi hujengewa. Fundi wa chemchemi hataki msimu mwingine. Wakati wa masika kilima kizima huvuja, na huwezi kutambua jicho lipi la maji ni la kudumu. Linalotoa maji wakati wa kiangazi ndilo lenyewe.

Fundi niliyemtazama ni mzee asiye na maneno mengi. Alifyeka nyasi, akahamisha nduma zilizopandwa ukingoni, kisha akachimba mfereji mwembamba wa kuyatoa maji yaliyotuama. Ndipo akashika sururu na kuanza kuingia kilimani kidogo kidogo: tope jeusi, udongo mwekundu, halafu tabaka gumu ambalo maji hayapenyi. Hapo akawasimamisha vijana wake, waliokuwa wameshapata moto wa kazi. Tabaka hilo likipasuliwa, maji huzama yakapotea. Sururu ikawekwa kando. Akapiga magoti, akaondoa tope kwa vidole, mpaka tukaona mchanga ukichezacheza pale maji yanapochomoza.

Kabla ya kujenga chochote, alipima. Aliyaelekeza maji kwenye mtungi wa lita 20, akahesabu sekunde zilizopita hadi ukajaa, akaandika hesabu hiyo kwa penseli kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Sikuelewa ni ya nini.

Mbele ya jicho akachimba msingi, akajenga ukuta wa mawe wenye mabawa mawili yaliyoingia kwenye kingo za udongo, ili maji yasipite pembeni. Muda wote huo maji yalikuwa yakipita katika bomba la muda. Hakuyaziba hata kidogo, kwa sababu maji yakizuiwa husukuma nyuma na kujitafutia njia nyingine, na jicho huhama. Kwa hiyo bomba la kutekea aliliweka chini ya usawa wa jicho, akalihakikisha kwa kamba na pima maji, akaligusa kwa mpini wa mwiko, akapima tena. Juu yake akaweka bomba la pili, la maji ya kufurika. Kuhusu urefu wa bomba la kutekea kutoka sakafuni, aliwauliza akina mama waliokuwa wakingoja. Mmoja akasimamisha mtungi wake palepale, na mjadala ukaisha.

Kazi iliyonivutia zaidi ni ile isiyoonekana tena. Nyuma ya ukuta alipanga mawe, makubwa kwanza, halafu kokoto, na kila jiwe lilioshwa. Mpita njia mmoja alicheka: mawe ya kuzikwa yanaoshwa ya nini? Lakini maji ya kunywa yatapita katikati ya mawe hayo miaka mingi. Huko Busia, utafiti wa Michael Kremer na wenzake, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa chemchemi zikijengewa, bakteria wa kinyesi hupungua kwa 66% kwenye chemchemi yenyewe, na kuhara kwa watoto hupungua kwa karibu robo. Nyumbani usafi wa maji huongezeka kwa kiasi kidogo kuliko hapo, maana huchafuka tena njiani na mtungini.

Juu ya kokoto alitandika karatasi ya nailoni, kisha udongo wa mfinyanzi uliokanyagwa kwa miguu hadi ukashikana, kisha udongo wa kawaida na nyasi. Upande wa juu wa kilima akachimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua, na akasisitiza uwekwe ua wa kuzuia ng'ombe. Kuhusu mikalatusi ya jirani, inayonyonya maji mengi, alitikisa kichwa tu. Mwaka 2009 waziri John Michuki aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, lakini mabondeni bado imesimama wima.

Mara nyingi ukuta kama huu hubandikwa jina la mwanasiasa, herufi zake kubwa. La fundi halipo.

Saruji ilipokauka, alifungua bomba la kutekea, akatega mtungi uleule na kuhesabu tena, karatasi yake mkononi. Sekunde zililingana. Hata hivyo hakuondoka. Alishuka taratibu akizunguka mabawa ya ukuta, akibonyeza ardhi kwa kisigino kutafuta unyevu, na vijana walipoanza kukusanya vifaa aliwaambia wasubiri hadi amalize upande wa pili.